Jeki Hasikii: Shajara ya Mradi wa Mbwa Mzee Anayepoteza Usikivu

9 Machi 2025

Ninaifungua shajara hii kwa sababu ya mambo niliyoyaona katika siku tatu ambazo Kadogo hakuwapo nyumbani. Kadogo ni jike letu la miaka miwili, na Alhamisi alipelekwa kwa daktari wa mifugo kufungwa kizazi, akalala huko hadi jana mchana ili asirukeruke mshono ukiwa bado mbichi. Jeki, dume letu la miaka 11, mbwa wa kienyeji aliyechanganyika na German Shepherd, akabaki peke yake uani.

Ijumaa jioni nilirudi kutoka kazini, nikafungua geti la bati ambalo bawaba zake hulia kama punda, nikaingiza gari, nikashuka na mfuko wa mkate mkononi, na muda wote huo Jeki alikuwa amelala ubavu kibarazani, hatua nne kutoka miguuni pangu. Nikamwita mara mbili bila jibu. Nilidhani amekufa. Nilipoinama na kivuli changu kikamwangukia usoni, aliruka akabweka kama aliyevamiwa, halafu pua yake ikanitambua na mkia ukaanza kupiga sakafu. Jumamosi asubuhi ikawa hivyo hivyo kwa muuza maziwa, ambaye aligonga geti hadi mke wangu akatoka na Jeki akiwa bado usingizini.

Alipokuwapo Kadogo, Jeki alikuwa wa kwanza au wa pili kufika getini, nasi hatukuona tatizo lolote. Nikikumbuka sasa, alikuwa wa pili kila mara. Alikuwa akitazama masikio ya mwenzake. Kadogo akisimamisha masikio, Jeki anainuka, na Kadogo akikimbia, Jeki anamfuata huku akibweka. Kumbe tulikuwa na mbwa wawili na usikivu wa mmoja.

Kuna dalili nyingine tuliyoifurahia badala ya kuishuku. Tunakaa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ambako masika huja na radi za kutikisa madirisha, na kwa miaka yote Jeki alikuwa akikimbilia chini ya meza ya jikoni mara wingu likinguruma. Mwaka jana hakukimbia, nami nikawaambia watu kwamba uzee umempa ujasiri.

Neno tulilolitumia nyumbani juu yake kwa zaidi ya mwaka mmoja ni hasikii, na tulilitumia kama linavyotumika kwa mtoto mtukutu anayeambiwa na hafuati. Binti yangu wa miaka tisa amekuwa akimwambia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Kiswahili kimefungia kusikia na kutii katika neno moja, nasi tulishika maana isiyomhusu, tukamgombeza mbwa kwa kosa ambalo halikuwa kosa.

12 Machi

Kabla ya kumpima nimejiandikia yale yanayoweza kufanana na uziwi kwa mbwa wa umri huu, ili nisikimbilie jibu moja. Mbwa mzee asiyeinuka anapoitwa huenda viungo vinamuuma na kuinuka ni adhabu, huenda macho yamefifia, na huenda akili imeanza kuchoka kiasi cha kusahau maana ya wito aliokuwa akiujua. Jeki bado anapanda ngazi tatu za kibaraza bila kusita, anaona mjusi ukutani, anajua saa ya chakula na hapotei uani. Anapolisikia jina lake anakuja, na shida ni kwamba mara nyingi halisikii.

Uziwi wenyewe nao una milango zaidi ya mmoja. Sauti inaweza kuzuiwa njiani, kwa nta, kwa uvimbe, kwa maambukizi au kwa kiwambo cha sikio kilichotoboka, na uziwi wa namna hiyo mara nyingi hutibika. Au sauti inafika salama hadi sikio la ndani, katika mrija uliojiviringa kama konokono uitwao koklea, na kukuta seli zenye vinywele vya kupokea mitetemo zimekwisha kufa. Seli hizo mbwa hazioteshi tena, kama ambavyo sisi binadamu hatuzioteshi. Uziwi wa uzee ni wa aina hii ya pili, na kwa kawaida huanza na sauti nyembamba huku zile nzito zikidumu kwa muda mrefu zaidi.

15 Machi

Jaribio la kwanza nimelifuta lote. Kadogo alikuwa amefungiwa bandani lakini Jeki alimwona kupitia wavu. Mimi nilivaa viatu vya ngozi. Na binti yangu, aliyekaa mbele ya Jeki na daftari, alinitazama kila nilipotaka kupiga sauti, naye Jeki akafuata macho yake na kugeuka. Mbwa husoma uso wa mtu vizuri kuliko baadhi ya watu.

16 Machi

Leo tumefanya kwa utaratibu. Kadogo alitolewa nje ya geti na mke wangu. Mimi nilisimama peku nyuma ya Jeki, mita tatu, upande ambao upepo ulitoka kwake kuja kwangu ili asininuse, na jua likiwa mbele yangu ili kivuli kisimfikie. Binti alikuwa na amri moja tu, kutazama masikio na kichwa cha mbwa na kuandika. Tulikuwa na sauti tano, kila moja mara sita, zikichanganywa bila mpangilio na kuachiwa dakika kadhaa katikati, kwa maana mbwa akishachoshwa na sauti isiyo na faida huacha kugeuka hata kama anaisikia. Tuliongeza majaribio sita matupu, ambamo niliinua mkono na sikupiga kitu, ili tujue Jeki hugeuka mara ngapi kwa bahati tu.

Ndoo ya plastiki niliyoipiga kwa kiganja, nikiwa nimeining'iniza hewani ili mtetemo usipite sakafuni, ilimgeuza mara 5. Sauti yangu nikimwita kwa uzito ilimgeuza mara 3. Mwito wa mke wangu, ambao tuliurekodi kwenye simu na kuupiga kwa spika ndogo, mara 1. Funguo hazikumgeuza hata mara moja, na firimbi ya refa vilevile. Jaribio tupu lilimgeuza mara 1, ambayo ina maana kwamba mwito wa mke wangu ni sawa na kimya. Mwenyewe aliposomewa hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, na mimi ndiye nilikuwa namgombeza zaidi."

Jambo moja sikulitarajia. Kila Jeki alipogeuka, aligeukia kulia, hata pale niliposogea kushoto. Mbwa hupata mahali sauti ilipotoka kwa kulinganisha masikio yake mawili, na anayetumia moja hujua kwamba kuna sauti lakini hajui iko wapi. Hii inaeleza ile tabia yake mpya ya kusimama katikati ya uwanja na kuzunguka kama aliyesahau alichokifuata.

Kadogo naye tulimpima kwa ulinganifu. Aligeuka kwa kila sauti, na kwa firimbi ya kwanza alivunja jaribio kabisa.

Rafiki kazini alinishauri ninunue ile firimbi ya mbwa isiyosikika na binadamu, ambayo asili yake ni kifaa alichobuni Mwingereza Francis Galton mwaka 1876. Nimeuacha ushauri huo. Binadamu mwenye masikio mazima husikia hadi mitetemo takriban 20,000 kwa sekunde na mbwa hufika takriban 45,000, na firimbi hiyo hulia katika eneo hilo la juu ambalo mbwa mzee hupoteza mapema. Ingenionyesha nisichohitaji kuonyeshwa.

22 Machi

Daktari wa mifugo alimtazama kwa kifaa chenye taa. Sikio la kulia lilikuwa safi. La kushoto lilikuwa limejaa nta ya kahawia yenye harufu kama ya mkate uliochachuka, na kipande alichokipaka kwenye kioo na kukitazama kwa darubini kilikuwa na fangasi wengi wa aina ya hamira. Hatukuwa tumeinusa kwa sababu haikuwa juu. Njia ya sikio la mbwa ina umbo la herufi L, hushuka wima kisha hupinda kuelekea kiwambo, na uchafu hukaa kwenye kona ile ambako jicho halifiki. Vijiti vya pamba, ambavyo nakiri nimevitumia kwa miaka, huusukuma huko huko.

Daktari aliliosha sikio, akahakikisha kiwambo kizima, na hapo ndipo alipoandika dawa ya matone. Nilimuuliza kwa nini kiwambo kilimshughulisha kuliko fangasi wenyewe. Alieleza kwamba dawa kadhaa za kawaida, zikiwamo gentamicin na neomycin, zinaweza kuua zile seli za vinywele zikifika sikio la ndani, na hata klorheksidini ya kuoshea vidonda si salama huko. Nilikumbuka kwamba mwaka 2023 Jeki alipokuwa akitikisa kichwa nilinunua matone ya gentamicin dukani, bila kuandikiwa na mtu, nikamtia masikio yote mawili kwa siku saba. Nilimweleza daktari. Hakunilaumu, alisema kwa miaka 11 uzee peke yake unatosha kuwa sababu, lakini aliniomba nisirudie. Kosa hilo ni langu na linabaki hapa kwenye shajara.

Tulizungumzia pia kipimo cha uhakika, kile ambacho sindano nyembamba huwekwa chini ya ngozi ya kichwa na kurekodi umeme wa ubongo wakati kila sikio linapigiwa mlio mfupi mfupi. Kipimo hicho humjibu mtu hata kama mbwa hataki kugeuka, na faida yake kubwa ni kwa watoto wa mbwa wa ukoo wenye uziwi wa kuzaliwa, ambao hupimwa tangu wakiwa na wiki tano au sita. Kwa Jeki kisingebadilisha matibabu, hivyo hatukifanyi.

Binti yangu alishika hapo hapo lile neno la kuzaliwa, kwa kuwa Kadogo ana kichwa cheupe na alikuwa amesikia mahali kwamba mbwa weupe huwa viziwi. Daktari alimjibu kwamba si uongo mtupu. Baadhi ya jeni zinazoleta weupe huondoa pia seli za rangi ambazo sikio la ndani linazihitaji ili liishi, na kwa Dalmatian, kwa mujibu wa vipimo vya mtafiti George Strain wa Marekani, takriban 8 kati ya 100 ni viziwi wa masikio yote mawili na 22 wa sikio moja. Lakini uziwi huo huja katika wiki za kwanza za maisha, na mbwa wa miaka miwili aliyerukia firimbi hana wasiwasi.

26 Aprili

Matone yalimalizika wiki mbili zilizopita, na daktari alithibitisha kwamba sikio limekauka. Jaribio limerudiwa kwa utaratibu ule ule. Sauti yangu kwa mita tatu imepanda kutoka mara 3 hadi 5, mwito uliorekodiwa wa mke wangu kutoka 1 hadi 3, na Jeki aligeukia kushoto mara mbili kwa usahihi. Funguo mara 1. Firimbi bado sifuri. Kwa mita sita mambo yanaanguka tena, kwani sauti yangu ilimgeuza mara 1 tu.

Sehemu iliyokuwa imezibwa imezibuliwa, na kilichobaki ndicho ambacho hakitarudi. Kuanzia leo mradi hauhusu tena kutafuta sababu. Tutamfundisha Jeki lugha ya mikono sasa, angali anasikia kidogo kwa karibu, ili neno analolijua limsaidie kuielewa ishara asiyoijua.

3 Mei

Utaratibu wa kufundisha ni huu: ishara hutangulia, neno la zamani hufuata mara moja, kisha zawadi. Mpangilio huo una sababu, kwani neno likitangulia mbwa hufuata neno na kuipuuza ishara. Zawadi ni dagaa wa Mwanza waliokaangwa bila chumvi, ambao nawabeba mfukoni, na suruali zangu za kazini sasa zina harufu ambayo wenzangu wameshaizungumzia.

Lakini hata kabla ya ishara kuna somo lenyewe la kutazama, kwa maana mkono hauna faida kwa mbwa aliyegeuza mgongo. Juma zima hatukumfundisha kitu kingine. Kila Jeki aliponiangalia usoni kwa hiari yake, popote, bila kuitwa, alipata dagaa mmoja na dole gumba juu, ambalo ndilo vizuri yetu. Mwishoni mwa juma alikuwa akinitazama kila baada ya hatua tano, kama mtu anayekagua kama bado tuko safarini pamoja.

17 Mei

Tumekwama, na kikwazo kinachekesha kidogo. Maelekezo niliyoyasoma yalitoka Ulaya na Marekani, ambako watu humwita mtu kwa kiganja kinachotazama juu au kwa kidole kimoja. Sisi huita kwa kiganja kinachotazama chini, vidole vikichota hewa kuja kwetu, na kumwita mtu mzima kwa kidole ni utovu wa adabu ambao binti yangu alishaonywa. Ishara ya lala nayo, kwa mujibu wa maelekezo hayo hayo, ni kiganja kinachotazama chini kikishushwa. Kwa mbwa mzee aliye mita kumi, mikono hiyo miwili ni mmoja. Kwa siku tano Jeki alikuwa akija hadi nusu ya njia, anasita, kisha analala chini na kunitazama kwa uso wa mwanafunzi aliyejibu maswali yote mawili kwa jibu moja.

Kwanza nilibadilisha njoo, nikaifanya mkono wote unyooshwe pembeni kisha uletwe kifuani. Mimi niliikumbuka. Mke wangu aliikumbuka nusu. Dada wa kazi, mzee anayelinda geti usiku na kila mgeni aliyepita waliendelea kuita kama Watanzania wanavyoita. Ni rahisi kumbadilisha mbwa mmoja kuliko kuwabadilisha watu sita, basi njoo imerudi kuwa kiganja cha chini kinachochota, kama tulivyozaliwa nayo, na lala imekuwa kidole cha shahada kinachoelekezwa ardhini. Kaa ni ngumi iliyoinuliwa hadi kifuani. Acha ni mikono iliyopishana.

31 Mei

Njoo mara 9 kati ya 10 kwa mita kumi, bila neno. Lala mara 8. Acha bado ni ya kubahatisha, hasa kunapokuwa na mbuzi wa jirani.

14 Juni

Wiki hizi mbili zimekuwa za kumwamsha. Mbwa asiyesikia hulala usingizi mzito na huamshwa na mguso wa ghafla, na mbwa yeyote akishtuliwa usingizini huweza kung'ata kabla ya kujua ni nani. Maelekezo yanasema piga mguu sakafuni na mtetemo utamfikia. Nimepiga. Sakafu ya huko wanakoandika bila shaka ni ya mbao. Yetu ni zege na vigae, na kisigino kiliniuma huku Jeki akikoroma.

Ufumbuzi ulipatikana kwa fundi seremala wa mtaani, ambaye aliniuzia paleti iliyotumika. Tumeipiga msasa, tumeiwekea gunia lililojazwa makuti, na imekuwa kitanda cha Jeki kibarazani. Ukigonga ubao wa mwisho mara mbili kwa kiganja, mtetemo unapita kwenye mbao zote hadi ubavuni mwake. Siku za kwanza aliinuka akiwa ameshtuka, nasi tulikuwa tumeshaweka dagaa mbele ya pua yake kabla ya macho kufunguka vizuri. Ilikuwa mara tano kwa siku, kila mtu wa nyumbani kwa zamu yake. Jana jioni niliketi kando nikamtazama binti yangu akigonga: sikio la kulia lilicheza, pua ikaanza kunusa, ulimi ukatoka, na macho yakafunguka ya mwisho. Kugongwa kumekuwa habari ya dagaa.

Kitanda kimewekwa kwenye pembe ya kuta mbili, ili anayemjia aje kwa mbele tu.

12 Julai

Leo tumepata tukio ambalo kitanda kile hakikuweza kulizuia. Dada yangu alitutembelea na mwanawe wa miaka minne, na Jeki alikuwa amejilaza chini ya mwembe badala ya kitandani kwake. Mtoto alimshika mkia. Jeki aligeuka na kukamata mkono wa shati, akauachia hapo hapo, akarudi nyuma mkia ukiwa tumboni. Tulimvua mtoto shati na kuukagua mkono kwenye mwanga. Ngozi ilikuwa nzima, hakuna mchubuko. Hata hivyo tuliuosha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 15, kama inavyotakiwa kwa jeraha la mbwa, na nilimwonyesha dada yangu kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ya Jeki, ambayo haijapitwa na wakati. Ngozi ingekuwa imechanika, kadi isingetosha na tungekwenda hospitali siku ile ile.

"Kaka, mimi simlaumu," dada yangu alisema, "lakini wageni wako hawajui kugonga mbao." Ana haki. Kuanzia leo mgeni mwenye mtoto akifika, Jeki anaingia bandani kabla ya geti kufunguliwa, na kila mtoto anaambiwa kwamba mbwa aliyelala haguswi.

9 Agosti

Nimekaribia kumuua mimi mwenyewe. Gari huegeshwa uani na jua la saa sita huwafanya mbwa wote walale kivulini mwake. Zamani injini ikiwaka Jeki alitoka. Leo niliwasha, nikaanza kurudi nyuma, na mzee mlinzi, aliyekuwa hajaondoka bado, alipiga buti la gari kwa kiganja mara tatu huku akipaza sauti. Tairi la nyuma lilikuwa kama mkono mmoja kutoka kwenye miguu ya Jeki.

Funguo za gari sasa zinatundikwa kwenye msumari ule ule unaotundikwa kamba ya Jeki. Anayechukua funguo anachukua na kamba, anamfunga kwanza, kisha anawasha gari. Sikutaka kanuni inayotegemea kumbukumbu yangu.

23 Agosti

Jeki sasa hatoki nje ya geti bila kamba hata kwa dakika moja, kwa sababu bodaboda hupiga honi na kuendelea, zikiamini kwamba mbwa atapisha.

Tumemtengenezea pia kibati cha kuning'inia kwenye mkanda wa shingoni, chenye namba ya simu na neno moja la kumjulisha anayemwokota. Nilimwandikia fundi achonge HASIKII. Mke wangu aliiona karatasi kabla sijaipeleka, akacheka hadi akakaa chini: "Watafikiri unamsema tabia." Kibati kimeandikwa KIZIWI.

13 Septemba

Ishara za mikono zina udhaifu ambao umeme unapokatika huonekana mara moja, yaani hazionekani. Kwa usiku tumechagua tochi: kumulika mara mbili ardhini mbele yake ni njoo, na kamwe hatumulikii machoni. Kuna mikanda ya shingoni inayotetemeka kama simu, ambayo si ile ya kupiga shoti, na wanaoitumia huisifu. Lakini uwanja wetu ni mdogo na tochi inatosha.

Tochi imetuletea msaidizi. Jirani yetu wa upande wa mashariki ni mzee Mwislamu ambaye, ili abaki safi kwa swala, hamgusi mbwa na hapendi anuswe nguo. Miaka yote alimfukuza Jeki kutoka kwenye uzio wake kwa kelele. Sasa akirudi kutoka msikitini baada ya swala ya Isha, anamulika mara mbili kwenye ukuta wetu, Jeki anakwenda upande wa mwanga na kumpisha njia, na mzee anapita salama. Aliniambia kwamba hajawahi kusikilizwa na mbwa huyu kiasi hiki.

25 Oktoba

Jaribio la tatu kwa mita tatu. Ndoo imeshuka kutoka mara 5 hadi 3, sauti yangu kutoka 5 hadi 1, na mwito wa mke wangu umerudi kuwa sawa na jaribio tupu. Masikio yalitazamwa na daktari juzi na yote mawili ni masafi, hivyo kushuka huku ni kwa seli zenyewe. Nilitarajia kwamba namba hizi zingeniumiza zaidi. Lakini kwa ishara anakuja mara 9 kati ya 10 kama alivyokuwa akija mwezi Mei, na acha imefika mara 7, mbuzi wakihesabiwa.

Anabweka zaidi kuliko zamani na kwa sauti kubwa, kwa kuwa hajisikii mwenyewe, na saa kumi za alfajiri hilo ni tatizo ambalo halijapata jibu. Adhabu ya sauti haimfikii na sitaki nyingine. Kwa sasa tunalala naye ndani ya korido, ambako akituona amelala kimya siku nne kati ya saba.

Kadogo amejifunza ishara zote bila kufundishwa, kwa kumtazama Jeki akipata dagaa. Leo asubuhi geti liliachwa wazi na mbuzi wa jirani walikuwa wakipita. Nilionyesha njoo, Jeki akageuka kutoka kizingitini na kuja kukaa mguuni pangu. Kadogo alikuwa amenipa mgongo, nikamwita kwa mdomo mara tatu. Sikio lake la kushoto liligeuka kunielekea kila nilipoita, halafu akaendelea na safari yake ya mbuzi.

Binti yangu, aliyekuwa mlangoni na mswaki mdomoni, alimtazama hadi alipopotea kwenye kona. "Baba," akasema, "huyo ndiye hasikii."